Nguzo ya Tatu ya Daraja la Kichonge

Dresden, Ujerumani
9 Novemba 2024

Ami yangu Msabah,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima wewe na Bi Zeyana, na kwamba ngazi za Michenzani bado hazijakushinda. Huku sote wazima. Baridi imeshaingia, jua linazama saa kumi na nusu alasiri. Ummkulthum wangu katimiza miaka minane, kang'oka meno mawili ya mbele, na anakusalimu kwa Kiswahili chake cha kupindapinda.

Kwa kuwa simu haikufai tena tangu masikio yako yalipochoka na mashine za zege, nimekubaliana na Yusra, mtoto wa shangazi. Mimi namtumia barua, yeye anaichapa dukani kwake, sokoni Darajani, na kukuletea. Ukishaandika jibu kwa mkono wako, yeye atalipiga picha na kunitumia.

Nina habari nadhani itakufurahisha. Kampuni yetu imepewa kazi ya kuliangalia Daraja la Kichonge, lile la mkondoni huko Unguja, na nimeomba nipewe mimi. Nimewaambia, hili kalijenga ami yangu. Basi tumelijenga upya ndani ya kompyuta, nguzo kwa nguzo na boriti kwa boriti, kwa kufuata michoro ile ya mwaka 1989. Kisha mafundi wakaenda Kichonge kufunga sensa kwenye daraja lenyewe. Ni vidude vidogo kama kibiriti. Kila dakika kumi vinaniletea habari: daraja limeinama kiasi gani, limetikisika kiasi gani, ufa umepanuka au haukupanuka. Kompyuta inalilinganisha daraja la kweli na lile la kwenye mchoro. Yakikubaliana hatuna la kusema. Yasipokubaliana tunatafuta sababu.

Nguzo ya tatu, ukihesabu kutoka upande wa mjini, haikubaliani. Maji makubwa ya bamvua yakijaa, inaelemea upande wa bahari kwa unene wa kucha, na maji yakitoka hairudi yote. Nguzo nne nyengine hazina tabia hiyo. Wewe ulikuwa msimamizi wa mafundi. Kuna chochote unachokumbuka kuhusu nguzo hiyo?

Nasikia mwanao Thuwaiba ana mimba ya tatu. Msalimie sana akija mjini.

Mwanao,
Mardhiya


Michenzani, Unguja
2 Disemba 2024

Mwanangu Mardhiya,

Marahaba. Barua yako ilinifika siku ile ile, lakini jibu limechelewa kwa sababu mama yako mdogo Zeyana alipandwa na presha na tukawa tunakwenda na kurudi hospitali. Sasa hajambo, anakula mchuzi usio na chumvi na analalamika kila kijiko. Maji hapa yanapanda siku mbili kwa wiki. Jirani wa chini kapaka ukuta wake rangi ya waridi, jengo zima linamsema. Meno ya Ummkulthum yataota, mwambie asiyaguseguse kwa ulimi.

Nimefurahi kwamba kazi umepewa wewe. Marehemu baba yako angefurahi zaidi.

Hiyo nguzo ya tatu ni kama nyengine. Ilimiminwa kama nyengine. Huenda vidude vyenu vimeingiwa na chumvi, maana pale Kichonge chumvi inakula kila kitu. Kabla ya kuishughulikia nguzo, shughulikieni vidude.

Nilitaka kukuuliza, hesabu hizo wanazisoma watu wangapi? Na zinaandikwa mahali, kwamba ni nguzo ya tatu?

Wengi niliofanya nao kazi pale wameshatangulia. Mambo ya zamani mtu huyasahau.

Thuwaiba mzima. Mume wake Yussuf kanunua gari kuukuu, ndiyo wanayokuja nayo mjini.

Mzee wako,
Msabah Ahmada


Dresden
29 Disemba 2024

Ami yangu,

Shikamoo, na pole kwa Bi Zeyana. Mwambie na mimi hapa nakula viazi vya kuchemsha siku tano kwa wiki, kwa hivyo hayuko peke yake. Ummkulthum alipata homa, imeshuka.

Sensa tumezikagua. Tulimtuma fundi, kaifungua ile ya nguzo ya tatu, kaitia mpya. Mpya nayo inasema vile vile. Tena si unene wa kucha sasa. Ni upana wa kidole kidogo.

Jumapili nilizungumza na Thuwaiba kwa simu. Kanichekesha. Anasema tangu aolewe Kichonge, miaka kumi na mbili hii, hujawahi kuingia nyumbani kwake. Anasema kila akija mjini unamuuliza kwanza kama alishuka garini kabla ya daraja akavuka kwa miguu, yeye na watoto. Wakati wa mvua pia. Tulicheka sote wawili. Nilipoiweka simu nikakaa kitako na kicheko kikaniisha.

Ami, kwa nini unawashusha?

Sikuulizi kwa ubaya. Thuwaiba anasema malori ya mawe yanavuka pale tangu asubuhi, kuna hoteli inajengwa ng'ambo. Mimi nayaona kutoka huku. Kila lori likipita, mstari wa nguzo ya tatu unaruka, kisha unatulia chini kidogo ya pale ulipokuwa. Siku hizi kabla sijatia mguu chini asubuhi nafungua kwanza simu nitazame mstari ule.

Mkubwa wangu wa kazi anashikilia kwamba mchoro ni sahihi na sensa ndiyo mbovu. Usiwe na wasiwasi lakini, nishawaarifu wanaohusika.

Mwanao,
Mardhiya


Michenzani
20 Januari 2025

Mardhiya,

Marahaba. Hapa wazima.

Barua zetu zinachapwa dukani, watu wamesimama wanangoja kutoa kopi za vitambulisho. Yusra ni mtoto mwema, lakini ana macho kama watu wote. Usiniulize tena mambo ya nguzo kwa njia hii.

Naona dada yako anavuka kwa miguu kwa sababu kutembea ni afya.

Waambie hao wanaohusika wayazuie malori. Hawana haja ya kuambiwa sababu, wayazuie tu. Na unijibu: umemwarifu nani, na lini? Nilipita jana pale mwanzo wa daraja, nikakaa barazani kwa muuza madafu tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nimeona malori kumi na saba. Sikuona ubao, sikuona mlinzi, sikuona mtu yeyote anayejua kitu.

Msabah


Dresden
8 Februari 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Huku theluji imeanguka siku tatu, Ummkulthum kamjenga mtu wa theluji akamvika kofia ya baba yake. Kibali changu cha kazi kimeongezwa miaka miwili, alhamdulillahi, nilikuwa na hofu nacho.

Suala la sensa limeshughulikiwa, kwa hivyo tusiliandike tena hapa.

Nina ombi moja tu. Mwambie Thuwaiba ahamie mjini mapema, akae kwenu Michenzani mpaka ajifungue. Ngazi ni nyingi, lakini hospitali iko karibu. Mwambie wewe, mimi nikimwambia ataniuliza kwa nini.

Mwanao,
Mardhiya


Michenzani
24 Februari 2025

Mwanangu Mardhiya,

Barua hii anakuletea Bakar, mtoto wa jirani yetu, anayekuja huko kusoma. Nimeifunga kwa gundi, na juu yake nimepitisha uzi. Isome ukiwa peke yako.

Thuwaiba nimemwambia ahame. Kaniuliza kwa nini, kama ulivyosema. Kasema watoto wana skuli na Ramadhani inaingia, atakuja baada ya Idi.

Sasa nakwambia.

Daraja lilikuwa lifunguliwe Julai 1989. Nguzo mbili za mwanzo tulizimimina kwa mchanga wa shimo na maji ya kisima, tunaletewa kwa gari. Tulipofika ya tatu ilikuwa Ramadhani, tena masika. Gari la maji likaharibika. Nondo zikaja nusu ya zilizoandikwa. Mkubwa wetu wa kazi, ambaye naye ameshakufa, alikuja akasimama juu ya ubao ili asichafue viatu, akaniambia, "Msabah, zimebaki wiki kumi. Ukishindwa wewe, atapewa mwengine."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Ndiyo kwanza nimepewa usimamizi.

Nikazifunga nondo zile zilizokuja kwa kuziachia nafasi mara mbili ya mchoro. Nikaamrisha mchanga uchotwe pale pale ufukweni, na maji yatekwe mkondoni. Maji ya bahari, Mardhiya. Hakuna fundi asiyejua chumvi inafanya nini ikikaa na chuma. Haifanyi siku ile. Inakwenda polepole.

Fundi mwenzangu mmoja, Pandu, mtu wa Mkokotoni, aliliweka chini pauro lake la kuchotea zege.

"Mimi hichi sikimimini," akasema.

"Basi nenda kwenu."

"Nakwenda. Lakini watu watapita hapa, Msabah."

Akaondoka kweli, wala hakurudi kudai ujira wa siku zake. Mimi nililiokota pauro lile lile nikamimina mwenyewe mpaka magharibi. Mkaguzi alipokuja, mbao zilikuwa zimeshafungwa na zege limeshajaa. Nikatia saini kwamba nguzo imejengwa kama ilivyochorwa. Hiyo michoro unayoiamini, chini yake pana jina langu.

Nguzo za nne na tano tulizijenga sawasawa, vifaa vilikuwa vimeshafika. Nikajiambia moja haitadhuru.

Thuwaiba alipoposwa na kijana wa Kichonge nilitaka kukataa. Ningesema nini? Kijana mwenyewe mwema. Nikanyamaza, nikamwozesha. Nikamwambia tu ashuke garini na avuke kwa miguu. Ujasiri wangu wote niliouonesha kwa miaka thelathini na sita ni huo.

Nawe niambie kweli. Uliniandikia kwamba umewaarifu wanaohusika. Nilikuuliza ni nani, ukanijibu habari za theluji.

Msabah


Dresden
27 Machi 2025

Ami,

Shikamoo. Saumu zenu Mungu azikubali.

Barua yako imenifika jana tu. Bakar alikwama wiki tatu Dar es Salaam akisubiri karatasi zake, na barua ikakwama naye mfukoni. Hii naituma kwa Yusra, na Yusra akiisoma aisome. Yusra, mpelekee sasa hivi, funga duka.

Sikumwarifu mtu yeyote. Nilimwambia mkubwa wangu wa kazi basi. Tarehe 14 Januari aliniletea karatasi inayosema kwamba sensa ya nguzo ya tatu inatoa habari za uongo, kwa hivyo itolewe kwenye kengele ya hatari. Wiki ile ile ndiyo kampuni ilikuwa ipeleke barua ya kibali changu. Hakunitisha kwa neno hata moja. Aliziweka karatasi zote mbili juu ya meza yangu, akaenda kuchukua kahawa. Nikatia saini.

Tangu siku hiyo daraja likiinama hakuna kengele inayolia popote. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitazama. Nilikuwa natazama na kunyamaza.

Jana nimeyaingiza maneno yako ndani ya kompyuta. Nondo kwa nafasi mara mbili, na chumvi ya miaka thelathini na sita. Daraja la kwenye skrini likaelemea upande ule ule, kwa kiasi kile kile. Mara ya kwanza yamekubaliana. Chuma ndani ya nguzo ile kimeliwa karibu chote. Bamvua moja kubwa na lori moja lenye mzigo vinatosha. Siku yenyewe kompyuta haiwezi kuisema.

Asubuhi nimeifuta saini yangu kwa maandishi. Nimeiandikia idara ya barabara huko, nimewatumia hesabu zote, na barua yako nimeipiga picha nikawatumia. Sikukuomba ruhusa. Jina lako limo, na langu limo.

Nimepiga simu idarani, wananiambia waraka lazima upitie kwa mkuu, na mkuu yuko safarini mpaka baada ya Idi. Nimempigia Thuwaiba. Kaniambia, "Wewe na baba mna nini na daraja hili?" Nikamwambia ni bovu, aondoke leo kwa miguu. Kanijibu kwamba magari yanapita kila siku, na ana vitambaa vya Idi vya watoto hajamaliza kushona.

Ami, Jumamosi na Jumapili ni bamvua. Fanya unachoweza.

Mardhiya


Michenzani
3 Aprili 2025

Mwanangu Mardhiya,

Marahaba. Idi tumeila, si kama Idi nyengine.

Yusra alinipandia ngazi mbio, karatasi mkononi, analia. Ijumaa asubuhi nikenda idarani. Kijana wa mapokezi akaniandikia kwenye karatasi, maana simsikii: *Mzee rudi Jumatano*. Nikamwandikia chini yake: *Nguzo haiijui Jumatano*. Akaikunja, akaiweka kando.

Nikapanda gari mpaka Mkokotoni, nikauliza nyumba ya Pandu. Yu hai. Kafupika, na jicho moja limefunga. Nikamwambia, "Ile nguzo inaondoka." Akanitazama kidogo, akachukua kofia yake msumarini, akatoka na mimi. Miaka thelathini na sita hatujaonana, na sikumuomba hata msamaha, hapakuwa na nafasi.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tulikuwa Kichonge. Pandu akavuka akasimama upande wa kijijini, mimi nikabaki upande wa mjini. Tuliazima mapipa kwa muuza madafu, tukayajaza mawe, tukafunga njia.

Lori la kwanza lilikuja saa moja. Dereva wake anaitwa Abdulhakim, kijana mnene. Akashuka anafoka. Nilimsoma mdomo.

"Mzee, nani kakutuma?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyeijenga nguzo ya kati. Ni mbovu."

"Jana nimepita mara sita."

"Njoo utazame."

Nikampeleka ukingoni. Pale juu ya nguzo ya tatu ukuta wa pembeni umepasuka, pameachana kiasi cha ngumi kuingia. Alitazama, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda kukaa ndani ya lori lake. Waliokuja nyuma yake walitukana, lakini hakuna aliyesogeza pipa, kwa sababu lori la Abdulhakim lilikuwa limeziba njia.

Saa nne maji yamekupwa, mkondo mzima matope. Nikaona gari ya Yussuf imesimama kule ng'ambo na Pandu kaweka mikono juu ya boneti. Yussuf anapigapiga usukani, watu wanakusanyika. Nikajua Thuwaiba kashikwa na uchungu. Ilikuwa wiki mbili kabla ya siku zake.

Ilinibidi nivuke. Mardhiya, tangu daraja lile lifunguliwe sijapata kulikanyaga. Mimi nnayeukaribia umri wa miaka sabini na mbili nilikwenda kwa kushika ukingo kama mtoto anayejifunza kusimama. Juu ya nguzo ya kwanza na ya pili hapana kitu. Juu ya ya tatu niliisikia chini ya nyayo. Masikio yangu yamekufa lakini miguu ni mizima. Ilikuwa inatetemeka polepole, mfululizo, na hapakuwa na gari hata moja juu yake.

Thuwaiba alikuwa kiti cha nyuma, kauma mtandio.

"Baba, ondosha mapipa," Yussuf akaniambia.

"Gari haipiti."

"Huyu ni mwanao."

"Ndiyo maana haipiti."

Akanikamata kanzu kifuani. Sikumlaumu. Pandu akamtoa mkono. Mashua haiwezi kupita matopeni. Njia ya kuzunguka inapita kwenye kinamasi, gari yake isingefika. Nikawaambia walete kitanda cha kamba. Wakaleta. Tukamlaza. Nikachagua wanaume wanne wembamba, nikawaambia wasitembee kwa hatua moja kama askari, kila mtu na mguu wake, na asiwepo mwengine yeyote juu ya daraja mpaka tufike. Mimi nilitangulia. Nikaona nikitangulia mimi, kitakachotokea kitaanza kwangu.

Katikati, mmoja wa wale wanne aliona ufa akasimama. Kitanda kikayumba. Thuwaiba akanyanyua kichwa akatazama anachokitazama yule, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia yule kijana, "Nitazame mgongo wangu tu, usitazame chini." Tukaenda.

Abdulhakim alimwaga mawe yake pale pale njiani, akamtia Thuwaiba, na Yussuf aliyevuka baada yetu, kwenye kichwa cha lori, wenzake wakampisha, akageuza. Walifika hospitali. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, mzima. Mama pia.

Mimi na Pandu tulikaa pale usiku na mchana mpaka Jumatano, walipokuja watu wa idara na karatasi zako mkononi. Wakatazama ufa. Wakaweka askari na minyororo. Mmoja akaniuliza jina langu, nikamtajia, akalitafuta kwenye karatasi akalikuta.

Msabah


Dresden
9 Aprili 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nikifika pale katikati ya daraja naiweka chini kwanza ingawa najua mlifika.

Mimi nimesimamishwa kazi. Wamenipa karatasi niandike yote niliyoyajua na tarehe nilizoyajua. Nimeandika tarehe za kweli. Kibali sijui kitakuwaje, pengine tutarudi. Ummkulthum nimemwambia kwamba mama alisema uongo kazini na sasa anaurekebisha. Kaniuliza kama kuna mtu aliyeumia. Nikamjibu hapana, nikaingia jikoni.

Hesabu za daraja bado nazipata kwenye simu, wamesahau kunifungia. Nguzo inakwenda. Usiende karibu.

Umemwambia Thuwaiba?

Mardhiya


Michenzani
17 Aprili 2025

Mwanangu Mardhiya,

Marahaba. Mama yako mdogo Zeyana hajambo, na Thuwaiba yuko hapa kwetu chumba cha nyuma na mtoto.

Daraja limeanguka. Jumatatu, tarehe 14, baada ya sala ya alasiri, maji yamejaa ya bamvua na mvua juu yake. Askari aliyekuwepo kasema nguzo ya tatu ilikwenda chini kama mtu aliyepiga goti, kisha sehemu mbili za juu zikaifuata. Kelele zilisikika mpaka msikitini. Hapakuwa na mtu juu. Nimekwenda kuona. Zege limefunguka, na ndani nondo zimekuwa nyembamba kama njiti za mshikaki, nyekundu. Nilichukua moja ikavunjika mkononi.

Watu wa Kichonge sasa wanavuka kwa mashua maji yakijaa, na yakipwa wanakwama. Wengine wananisalimu. Wengine wanageuza uso, na wao nawaelewa zaidi.

Uliniuliza kama nimemwambia Thuwaiba. Nimemwambia jana. Nilimwambia yote, mchanga, maji, nondo, saini. Alikuwa ananyonyesha. Nilipomaliza akasema polepole, ameuelekeza uso wake kwangu ili nimsome mdomo:

"Siku ya harusi yangu magari yalivuka pale mangapi?"

"Kumi na moja."

"Unakumbuka."

"Nilibaki nyuma upande wa mjini. Nilikuwa nayahesabu yakifika ng'ambo."

"Mimi nilikuwa la ngapi?"

"La nne."

Akamhamishia mtoto titi la pili, kisha akasema, "Uliniambia nishuke nitembee. Hukuniambia kwa nini. Majirani zangu wote wakapita kwenye magari na watoto wao, nami nawapungia mkono."

Nilitaka kusema kwamba niliogopa, lakini hilo alikuwa ameshalijua.

Akanipa mtoto nimshike. Nilimshika kidogo, kanikamata kidole. Halafu Thuwaiba akanyoosha mikono akamchukua, akaniomba nitoke chumbani. Akaniomba kwa adabu. Tangu hapo nikipita mlangoni anaitikia salamu yangu na zaidi ya hapo hasemi.

Jumanne asubuhi nakwenda kutoa maelezo yangu mbele ya wanasheria. Pandu anakuja na gari la kwanza kutoka Mkokotoni. Hukumu sijui itakuwa gani kwa mtu wa umri wangu. Naogopa, Mardhiya, na tangu mwaka ule sikupata kuitamka hofu hii. Nakuomba usiniandikie barua ya kunipoza. Mpigie simu dada yako, umwambie la kwako kwa mdomo wako, kabla hajalisoma kwenye karatasi za watu.

Msabah bin Ahmada